Mpenda Muziki Katika Maonyesho ya Anaheim

Leo twende safari ya mbali. Katika mji wa Anaheim, jimbo la Kalifornia, huko Marekani, hufanyika kwa kawaida kila mwaka maonyesho makubwa ya vyombo vya muziki. Wenye kuyaandaa ni chama cha wafanya biashara wa vyombo hivyo, kiitwacho NAMM, kilichoundwa mwaka 1901. Si karamu ya wapenda muziki. Ni soko la wenye viwanda na wenye maduka, na milango haifunguliwi kwa watu wote. Mtu asiye na duka wala kiwanda, ila mapenzi yake tu, humbidi apate mwenyeji aliye katika kazi hiyo.

Akiisha kuingia, atapokewa na kelele. Huku mmoja anapiga ngoma, kule mwingine anapuliza tarumbeta, na katikati watu ishirini wanajaribu magitaa ishirini, kila mtu na wimbo wake. Atakaye kujua kama gitaa lina sauti njema hana budi kulaza sikio ubavuni mwake, kama mganga asikilizaye kifua cha mgonjwa. Basi, kwa kuwa masikio hayasaidii sana, na atumie macho na vidole. Nami ningemshauri aanze na shingo ya gitaa.

Ubao ule mweusi, pale vidole vinapokandamiza nyuzi, mara nyingi ni abunusi, mti mzito na mgumu wa misitu yetu ya Afrika ya kati. Zamani wanunuzi walitaka abunusi nyeusi tititi, isiyo na doa. Lakini mti uliosimama hauonyeshi rangi ya moyo wake. Mpaka uangushwe ndipo ijulikane. Mwaka 2011 kampuni ya Taylor, watengenezaji wa magitaa wa Kalifornia, pamoja na wenzao wa Hispania, walinunua kiwanda cha kupasua abunusi huko Yaoundé, Kameruni. Kwa maelezo yao wenyewe, walikuta kwamba wakataji huangusha hata miti kumi ili kuupata mmoja mweusi mtupu. Mingine, yenye mistari ya kahawia, iliachwa kuoza msituni, ingawa kwa kazi ya gitaa haina upungufu wo wote! Tangu hapo wakaanza kuitumia. Mgeni wetu akiona shingo yenye michirizi, asidhani ni kasoro.

Kisha na apite penye piano. Vibao vyeupe vinavyobonyezwa siku hizi ni vya plastiki. Zamani vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na vile vyeusi vilikuwa vya abunusi. Katika karne ya 19 pembe zilitoka bara, hata Manyema katika Kongo ya mashariki, zikachukuliwa mabegani mwa watu hadi pwani, zikapitia Unguja; nyingi zikaishia katika viwanda vya Ivoryton na Deep River, jimbo la Connecticut, Marekani, ambako zilipasuliwa kuwa vipande vyembamba vya piano. Habari za Tippu Tip na pembe zake zajulikana sana kwetu. Lakini wangapi kati ya wachukuzi wale waliwahi kuisikia piano?

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Ndovu wa msituni hula tunda la abunusi, akatembea mbali, akaziacha mbegu ndani ya mavi yake, ambamo panya hawazili kwa urahisi. Wataalamu waliochunguza misitu ya Kameruni walitangaza mwaka 2025 kwamba mahali ndovu walipokwisha, miche michanga ya abunusi imepungua sana. Yaani, aliyemwua ndovu ili apate vibao vyeupe, alimwua mpanzi wa vibao vyeusi.

Tangu mwaka 2016 kumeanzishwa huko Kameruni, kwa msaada wa kampuni ile na wataalamu, kazi ya kupanda abunusi vijijini pamoja na miti ya matunda. Miti ya matunda watu wataivuna mapema. Abunusi itangoja miongo mingi kabla ya kufaa shingo ya gitaa.