Sista anayehesabu kwenye matatu

Wiki jana, kwenye matatu ya Kitale kwenda Bungoma, niliketi kando ya nesi aliyejaza hesabu kwenye daftari. Nikamwuliza, "Sista, bado uko shule?" Akacheka. "Ni utafiti, kijana wangu." Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilidhani utafiti ni wa maprofesa, bana.

Sikiza hii. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, kwa miaka mingi wakunga walikadiria kwa macho tu. Na jicho hudanganya, damu ikishanywewa na shuka. Ndipo likaja jaribio la E-MOTIVE: Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, zaidi ya wanawake 200,000. Wakunga waliweka chini ya mama plastiki yenye mistari ya kupimia. Ikifika mililita 500, tiba zote zinatolewa kwa pamoja, si moja moja huku wakingoja. Matokeo yakatoka 2023: visa vibaya vilipungua kwa asilimia 60. Plastiki, jameni!

Binamu yangu alikadiriwa kwa macho. Alipona, lakini tulisaka damu usiku kucha.

Sasa, huyo sista anahesabu ndani ya matatu kwa sababu kazini hana hata saa moja ya kufanya hivyo. MCA wako akija kuomba kura na picha za wodi mpya, muulize: manesi wa kaunti wametengewa saa ngapi za utafiti, na bajeti iko wapi? Usikubali akujibu kwa rangi ya ukuta.