Mlinzi wa lango la ibada ni jirani yetu

Mimi ni mkazi wa Jerusalem. Msomaji asishtuke, siuzungumzii mji ule mtakatifu unaogombewa na mataifa, bali mtaa wa Jerusalem wa hapa Eastlands, jirani na Jericho, ambako nimeishi na kufundisha kwa miaka mingi. Ni ajabu kwamba watoto wetu huyataja majina haya kila siku wanapopanda matatu, ilhali Wayahudi wenyewe wanawajua kupitia vitabu vya dini tu, kana kwamba ni watu waliokwisha zamani pamoja na Farao.

Jambo hili lilinidhihirikia nilipowapeleka wanafunzi wangu mjini. Tulipokuwa tukitembea kando ya University Way, karibu na makutano yake na Uhuru Highway, mmoja wao aliona jengo lililozungushiwa ua, akauliza ni la nani. Nikamjibu kwamba ni sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi wa Nairobi. Akauliza tena: "Mwalimu, mbona wanajificha? Wana siri gani?" Kabla sijajibu, mwenzake akadakia kwamba heri wajilinde wenyewe, kwani wakishambuliwa hayatuhusu. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, na maneno hayo hayajanitoka moyoni hadi leo.

Tuanze na swali la kwanza. Msingi wa sinagogi la kwanza la Nairobi uliwekwa mwaka 1912, mji wenyewe ukiwa bado mchanga, na jengo tulionalo sasa lilijengwa katika miaka ya 1950. Hivyo basi jumuiya hii ina umri mkubwa kuliko Kaloleni, Bahati na hata Jericho yetu. Mmoja wa viongozi wake, Israel Somen, aliwahi kuwa Meya wa Nairobi katika miaka hiyo ya 1950. Watu hawa ni wachache, lakini si wageni waliofika jana.

Ua nao una sababu yake. Desemba 31, 1980, watu wakiusubiri mwaka mpya, bomu lililipuka katika Hoteli ya Norfolk, iliyokuwa mali ya familia ya Kiyahudi ya hapa Kenya, likaua watu zaidi ya kumi. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise kule Kikambala, iliyopokea wageni kutoka Israeli, ilishambuliwa kwa gari lenye mabomu. Asubuhi hiyo hiyo makombora yalifyatuliwa kuilenga ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka Mombasa kwenda Tel Aviv, na kwa rehema za Mungu yakaikosa. Mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anayejenga ua baada ya mambo kama hayo hafichi siri yoyote. Anataka kusali na kurudi nyumbani kwake salama.

Sasa nije kwenye kauli ya pili, kwamba hayatuhusu. Kule Kikambala waliuawa watu kumi na watatu. Kati yao Waisraeli walikuwa watatu, na kumi walikuwa Wakenya wenzetu, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Vivyo hivyo Agosti 7, 1998, waliolenga ubalozi wa Marekani hapa Nairobi waliua watu 213, na wengi mno kati yao walikuwa Wakenya waliokwenda kazini asubuhi ile. Tujiulize pia ni nani asimamaye langoni. Walinzi wengi wa majengo ya mji huu hutoka Dandora, Kayole, Mukuru na mitaa mingine kama hii yetu. Hudamka alfajiri, wengine wakienda kazini kwa miguu, na mshambulizi akija ndio wa kwanza kukutana naye. Asemaye kwamba usalama wa sinagogi haumhusu, huenda baba wa mwanafunzi aliyeketi karibu naye darasani ndiye anayeulinda.

Isitoshe, sisi wenyewe tumeyaonja machungu hayo. Septemba 30, 2012, guruneti lilirushwa katika Kanisa la St Polycarp, Juja Road, wakati watoto wakiwa katika masomo yao ya Jumapili. Mtoto mmoja aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Tangu siku zile tumezoea kupekuliwa mikoba tunapoingia kanisani, wala hakuna aliyetuuliza tunaficha nini. Iweje basi tuwaulize wengine?

Najua kuna hoja mbili nitakazopingwa nazo, na zote zastahili jibu. Hoja ya kwanza ni kwamba polisi hawatoshi Eastlands, hivyo si haki walinde jengo la watu wachache huku sisi tukiibiwa usiku. Malalamiko ya ulinzi duni katika mitaa yetu ni ya haki, nami ninayaunga mkono. Lakini usalama si ugali, kwamba jirani akimegewa, sahani yako inapungua. Tudai askari wa kutosha Kayole na Jumapili makanisani, Ijumaa misikitini, na pia siku ya Sabato na sikukuu za Wayahudi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu uhuru wa dini na ibada, bila kuhesabu kwanza wenzake wako wangapi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wapo waliojawa na uchungu kwa vifo vya watu wa Gaza, nao husema Wayahudi wajibu kwa matendo ya serikali ya Israeli. Kuna haki ya kuikosoa serikali yoyote duniani, kwa kalamu, kwa maandamano ya amani na kwa hoja. Lakini mzee aendaye kusali Nairobi hakuketi katika baraza la vita la mtu. Sisi wa Eastlands tungepaswa kulielewa hili kuliko wengi. Novemba 2012, baada ya matatu kulipuliwa Eastleigh, makundi ya watu waliwashambulia Wasomali na maduka yao, ati walipie kosa la waliotega bomu. Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako na baadhi yao wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kama ilikuwa dhuluma kumhukumu muuza duka wa Eastleigh kwa kosa asilolitenda, ni dhuluma ile ile kumhukumu Myahudi mlangoni mwa sinagogi lake.

Mwaka 2019, mjini Halle nchini Ujerumani, mtu mwenye silaha alijaribu kuingia katika sinagogi siku ya sikukuu kuu ya Wayahudi. Mlango imara ukamzuia na waumini waliokuwa ndani wakanusurika. Hasira yake akaimalizia nje: akamuua mwanamke aliyekuwa akipita njiani na mwanamume aliyekuwa katika mkahawa. Mlango ule ulifanya kazi yake, lakini hauwezi kumlinda mpita njia. Mpita njia hulindwa na jamii isiyolea chuki tangu mwanzo, na hapo ndipo kazi yetu walimu inapoanzia.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akitoa kauli ya chuki darasani, tusiipitishe kama mzaha. Tuwaeleze vijana kwamba Wayahudi wangalipo, kwamba hapa Afrika Mashariki wako hata Waganda wa Abayudaya karibu na Mbale, ambao Idi Amin aliwapiga marufuku kuabudu katika miaka ya 1970. Nanyi wanafunzi, mkipokea katika simu uvumi wa kuchochea watu dhidi ya dini fulani, usikome kwenu tu bila kuambiwa mzazi au mwalimu. Na mkiona mtu akipeleleza lango la kanisa, msikiti au sinagogi, toeni habari mapema.

Mfano tunao, na ni wa mwalimu. Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na wauaji waliotaka Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, Mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Hakuuliza kwanza kama wale Wakristo walimhusu.

Nitawarudisha wanafunzi wangu University Way muhula ujao. Nataka tusimame tena mbele ya ua ule, tumsalimu mlinzi wa langoni, kisha nimwombe yule aliyecheka aniambie ni nani asiyetuhusu.