Kabla Umwambie Mtoto Aachane na Sanaa, Soma Hii

January 2026 darasa la kwanza la CBC liliingia Grade 10, kila mtu na njia yake: STEM, Social Sciences ama Sanaa na Michezo. Na unajua vile hiyo stori ilienda kwa keja mob. Mtoto anasema anataka muziki, buda anauliza, "Na utakula nini?"

Hilo swali si la ujinga. Wazazi wameona watu na digrii zao wakitarmac miaka. Shida ni kudhani sanaa ya shule kazi yake ni kutoa wasanii tu.

Cheki Lupita Nyong'o. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet na Phoenix Players hapa Nairobi. Oscar alishika 2014. Kati hapo alisoma filamu na theatre huko Hampshire College, Marekani, akapiga kazi nyuma ya kamera kwa The Constant Gardener, akatengeneza dokumentari yake, In My Genes, kuhusu ualbino Kenya, kisha akarudi darasani Yale. (Sawa, babake ni Anyang' Nyong'o, hakuanzia sifuri kama mimi na wewe.) Lakini ona hiyo miaka yote ya kujaribu hiki na kile bila kujua itaishia wapi. Hiyo roho haipatikani kwa past paper.

Sasa toka kwa mastaa. Msee aliyekuwa drama club akiwa Class 5 alisimama mbele ya hall imejaa, akasahau mistari, akaendelea. Akaambiwa "rudia" mara kumi bila kulia. Huyo akifika 24, interview haimtetemeshi, na akikosa job anaweza kufungua TikTok live auze mitumba. Wengi wetu wa 8-4-4 kipindi cha muziki kilikuwa kinaliwa na ticha wa Maths. Halafu tunaingia ofisini tunaambiwa "leta idea", tunaangaliana.

CBC ilikuja kurekebisha hiyo, lakini kuna mambo mawili yananikera. Kwanza, project nyingi za primary zinafanywa na mathee saa nne usiku, na manila na printing ya cyber ni doo yake. Mtoto amelala. Hapo amejifunza nini? Kama mathee amesota, mtoto anaenda shule mikono mitupu.

Pili, shule za njia mbili zinatoa STEM na Social Sciences. Sanaa na Michezo iko kwa zile za njia tatu. So mtoto wa mtaani anaweza kuwa na kipaji, na mzazi amekubali, na bado shule aliyopata haina hiyo njia.

Kama uko na ndugu mdogo Grade 9, uliza mapema shule anazotaka ziko na njia ngapi. Mambo ya kubishana na buda juu ya muziki yatakuja baadaye.