Tumbo Halitibiwi kwa Kubahatisha

Si nadra, hapa Bukavu, kumkuta mtu aliyesumbuliwa na tumbo kwa miaka, ambaye kila maumivu yanapozidi hushuka sokoni Kadutu, ambako muuza dawa humhesabia vidonge vya omeprazoli na kumtilia katika kijifuko cha karatasi, pasi na kumwuliza umri wake, wala kama amekonda, wala choo chake kina rangi gani. Vidonge hivyo si sumu, na matabibu huviandika kila siku. Hatari yake ni kwamba hupunguza tindikali na kutuliza maumivu, mgonjwa akadhani amepona, ilhali donda, au hata saratani, inazidi kukua ndani.

Tangu mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren walipoiotesha bakteria iitwayo Helicobacter pylori huko Perth, Australia, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, imedhihirika kwamba vidonda vingi vya tumbo havitokani na mawazo wala pilipili, bali na kiumbe huyo, au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, ambazo mama zetu wabeba mizigo huzimeza kwa ajili ya mgongo. Bakteria hiyo hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja, aghalabu kwa siku 14, na anayeziacha katikati kwa kuwa ameona nafuu huifunza usugu.

Lakini dawa hufuata uchunguzi, na uchunguzi wenyewe, yaani fibroskopi, ndio watu wanaouogopa kupita maradhi. Nimesikia wakisema kwamba mpira unaoingizwa kinywani hadi tumboni humziba mtu pumzi. Hauzibi, kwa sababu haupiti njia ya hewa. Mgonjwa hafungui kinywa kwa chakula tangu usiku, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, hulazwa ubavu wa kushoto na kuwekewa kidude cha plastiki baina ya meno, kisha mpira laini, mwembamba kuliko kidole gumba, wenye taa na kamera kwenye ncha yake, huteremshwa polepole. Kichefuchefu na machozi huja, hilo sikatai, lakini kwa kawaida dakika 10 hazipiti, na kipande kidogo cha nyama kinachonyofolewa kwa ajili ya maabara hakimwumi hata kidogo. Atakayepimwa bakteria amweleze tabibu mapema dawa anazomeza, kwani omeprazoli iliyotumiwa katika wiki mbili zilizotangulia huweza kuificha.

Atapikaye damu, au mwenye choo cheusi kama lami, asingoje hata kesho. Naye anayekonda bila sababu, au ambaye bugali humkwama kifuani, aende hima.

Najua jibu nitakalopewa: pesa ziko wapi, hasa tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafungwa? Ni swali la haki, na halimhusu mgonjwa peke yake. Mutuali za afya, yaani vyama vya kuchangiana matibabu, ziuhesabu uchunguzi huu miongoni mwa matibabu ya lazima kwa wenye dalili nilizozitaja, na hospitali zibandike bei yake mlangoni, ili mtu aijue kabla ya kuvua viatu. Tena ziwapangie wachuuzi saa za alfajiri, maadamu wanakuja na njaa, wapate kuwahi soko.