Chanjo Twaitaka, na Maelezo Pia



Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 215,000 walinyweshwa dawa ya polio ya Daktari Koprowski, nayo ilikuwa ingali ya kujaribiwa. Wabelgiji walitawala, nani aliwauliza baba zetu?

Sisi leo chanjo twaitaka. Polio ya asili ilitangazwa kwisha Afrika mwaka 2020, na hiyo ni kazi ya matone. Lakini penye watoto wengi wasiochanjwa, kirusi dhaifu cha matone chaweza kupita mtoto kwa mtoto hata kikapata nguvu ya kulemaza. Kongo imeyaona hayo. Mama zetu walisikie neno hili kwa mganga, si kwa uvumi wa sokoni. Tena wachanjaji wafike kambi za machimbo mara kwa mara, kwani sisi huhama na watoto wetu.