Ushindi wa Algiers hauna cha kuombewa radhi

Mchambuzi mmoja ameandika kwamba ushindi wa Yanga wa 1-0 kule Algiers, Juni 3, 2023, ulikuwa wa kubahatisha: penalti moja, kisha kujaa nyuma na kubutua mipira. Ndiyo, tulibutua. Alitaka tufanye nini?

USM Alger walishatufunga 2-1 katika mechi ya kwanza, kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, walikuwa kwao, na sare tu ingewatosha. Djuma Shaban wetu akauweka mpira kwenye alama ya penalti mapema kabisa, uwanja mzima ukimzomea, akafunga. Mkwaju ule unadai ufundi na moyo kuliko chenga kumi za katikati ya uwanja. Kipindi cha pili wenyeji nao wakapata penalti. Kipa wetu Djigui Diarra akaipangua. Hiyo ndiyo anayoiita bahati! Kipa akidaka anafanya kazi yake, kama mshambuliaji anapofunga.

Kombe tulilikosa kwa kanuni ya goli la ugenini, jumla ikiwa 2-2, na mpaka leo linaniuma. Lakini lawama iende inakostahili. Fainali ile ilituponyoka Dar es Salaam, pale mshambuliaji wetu Fiston Mayele aliposawazisha, nasi tukaruhusu bao la pili muda mfupi tu baadaye, wakati bado tunashangilia. Hapo mchambuzi hakugusa kabisa. Kikosi kilichorekebisha kosa hilo ugenini, kwa jasho na kwa mipira ya kubutua, ndicho anachokidharau, na mimi nakipa heshima yote.