Riba ya Benki Kuu ifike kwenye gunia la mpunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi wa vijijini hulisikia redioni na kuliacha lipite, nalo ni Riba ya Benki Kuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mchombe, katika Bonde la Kilombero, ambako mpunga ndio chakula na ndio fedha.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikiitangaza riba hiyo kila baada ya miezi mitatu. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 6, na Julai 2025 ikateremshwa kuwa asilimia 5.75. Wapo waliodhani kwamba kuanzia hapo mwananchi angeweza kwenda benki akakopa kwa asilimia 5.75. Sivyo. Kila benki ina akaunti yake Benki Kuu, na mabenki hukopeshana yenyewe kwa yenyewe, mara nyingi kwa siku chache tu. Kazi ya Benki Kuu ni kuangalia kwamba riba ya mikopo hiyo ya siku saba haipandi wala kushuka zaidi ya asilimia mbili kutoka kwenye ile iliyotangazwa. Fedha zikizidi katika mabenki, huzipunguza kwa kuyauzia dhamana. Zikipungua, huziongeza kwa kuyakopesha. Benki ikipata fedha kwa nafuu inatarajiwa nayo imkopeshe mteja kwa nafuu. Ikizipata kwa taabu, mikopo hupungua, watu hununua kidogo na bei hutulia.

Nasema "inatarajiwa" kwa makusudi, maana wakati Riba ya Benki Kuu ilipokuwa kati ya asilimia 5.5 na 6, wastani wa riba za mikopo ya mabenki ulikuwa kama asilimia 15.

Hata hivyo siungi mkono wale wanaosema serikali ichape noti iwagawie wakulima. Hao yafaa wawaulize wazazi wao. Katikati ya miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta vilichangia, lakini vilevile serikali na mashirika ya umma yalijiendesha kwa kukopa benki, fedha zikaongezeka huku rafu za maduka zikiwa tupu. Ndiyo maana sheria ya 1995 ikaipa Benki Kuu kazi kuu ya kulinda utulivu wa bei, na ile ya 2006 ikaendeleza hivyo. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. Hilo si jambo dogo kwetu, kwa sababu mkulima wa Mchombe ni mnunuzi pia. Anayeuza mpunga wote Juni ndiye huyo huyo anayepanga foleni kununua mchele Februari.

Na hapo kwenye Februari ndipo penye hoja yangu. Wakati huo akiba imekwisha, palizi inadai vibarua, na watoto wanadai sare. Mkulima humwendea mwenye fedha kijijini, ambaye hamtajii asilimia yoyote. Humpa shilingi na kumwambia, "Ukivuna utaniletea gunia." Tuchukue mfano kama wa darasa la saba: amepewa shilingi 40,000 mwezi wa Februari, na mwezi wa Juni gunia lake lina bei ya shilingi 60,000. Faida ya mkopeshaji ni shilingi 20,000 kwa miezi minne, yaani asilimia 50, na kwa hesabu ya mwaka mzima ni asilimia 150. Kamati ya Sera ya Fedha ikiongeza au kupunguza robo ya asilimia moja kule juu, mkulima huyu atajuaje?

Lipo baya zaidi. Mkopo wa benki unapokuwa nafuu, wa kwanza kuupata ni mwenye nyumba au gari la kuweka dhamana, na hapa kwetu huyo ndiye mnunuzi wa mpunga ulio bado shambani. Kwa hiyo nafuu iliyokusudiwa kwa mkulima inaweza kugeuka kuwa mtaji wa kumnunua mkulima. Huenda wanunuzi wakiwa wengi watashindana na kutoa bei nzuri, sikatai, lakini mwenye njaa hangoji mashindano. Wala simwiti mkopeshaji adui, kwani mwezi huo yeye peke yake ndiye anayefungua mlango. Ila Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mkopo unaolipwa kwa gunia nao ni mkopo, na haufai kuachwa nje ya sheria hiyo kwa sababu tu haukuandikwa kwenye karatasi.

Dawa haiko mbali. Tunayo Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya 2005, ambayo wakulima wa korosho wameitumia kwa miaka mingi. Kama mpunga wetu ungewekwa Juni katika ghala lililosajiliwa la ushirika, ile stakabadhi ingekuwa dhamana, mkulima akakopa benki kidogo cha kumsukuma na kuuza bei inapopanda. Pia benki ziache kudai marejesho mwezi ule ule wa mavuno, kwani zikifanya hivyo zinatulazimisha wote kuuza siku moja, na bei inaanguka kwa mikono yetu wenyewe.

Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza kwamba ingeyakopesha mabenki hadi shilingi trilioni moja kwa riba ya asilimia 3, ili nayo yakopeshe kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ilisema vilevile kuwa benki itakayokopesha kilimo kwa riba hiyo itapunguziwa kiasi cha amana inachotakiwa kuweka Benki Kuu. Shabaha ilikuwa nzuri kabisa. Nawaomba wakubwa wa Benki Kuu watujibu katika safu hii hii, tena kwa Kiswahili cha kawaida: katika fedha hizo, ni kiasi gani kilimfikia mkulima mdogo wa mpunga, na katika wilaya zipi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mchombe, Kilombero.